Fisi Aliyeachwa Nje Jumatano

Hilda Ndahani hakusomea ualimu. Hilo tulimalize mapema, maana watu wa Mapalanga walilijua tangu siku ya kwanza na hawakumficha. Alimaliza kidato cha nne mjini Dodoma na matokeo ambayo hata mama yake mzazi hakuyataja kanisani. Baada ya hapo chuo chake kikawa barabara za Majengo: soksi za shule mkono wa kushoto, mikanda mkono wa kulia, macho kisogoni kuangalia mgambo. Miaka sita hiyo. Ukimkuta anauza ungedhani anagombana. "Dada! Soksi za mwanao zimechoka mpaka zinaomba likizo! Njoo hapa!" Na dada anakuja, anacheka, ananunua.

Hasira ndiyo ilimtoa mjini. Siku moja mgambo alikanyaga bidhaa zake makusudi, Hilda akamzaba kibao mbele ya watu. Mama yake akamwambia, nenda kwa mdogo wangu kijijini ukapumue, mambo yakipoa urudi. Akaenda kupumua wiki mbili. Mwaka wa tatu huu hajarudi.

Mapalanga ni kitongoji nyuma ya Mvumi, nyumba za tembe, vichaka vya miiba, na korongo pana la mchanga ambalo kiangazi watu wanalichimba kupata maji na masika linageuka mto wa kumeza ng'ombe. Shule yenyewe iko ng'ambo, kilomita saba. Kwa hiyo wazazi walijenga chumba kimoja cha udongo, kikaitwa shule shikizi, yaani mtoto wa ile shule kubwa, ili vichanga vya darasa la awali visome jirani na mama zao. Chumba kikapatikana. Mwalimu hakupatikana. Mamdogo Paulina, aliyekuwa anapika uji pale, akamwambia mwalimu mkuu, "Nina mtoto wa dada yangu. Hana cheti, ila ana mdomo."

"Mdomo unatosha kwa kuanzia," mwalimu mkuu akajibu.

Sasa shughuli. Wale watoto walikuja na Kigogo chao kizima, hakina doa, na Kiswahili walichokijua ni cha redioni tu, tena cha matangazo. Hilda naye ni Mgogo wa damu lakini Kigogo chake ni cha kuombea maji. Wanawake kisimani walimwita Mgogo wa stendi, na yeye aliwajibu vibaya kila mara, wakampenda hivyohivyo.

Mwanzoni alifundisha kwa bango la picha alilopewa. Anapiga fimbo kwenye picha: "Hii ni meli." Sauti thelathini: "Hii ni meli!" "Hii ni treni." "Hii ni treni!" Wanavyoitikia, ungedhani wamezaliwa bandarini. Siku moja akawageuza dirishani, akaonyesha mbuzi anakula ufagio wa Paulina. "Na yule je?"

"Hii ni meli!" wakaitika wote, kwa furaha kabisa.

Hilda aliketi chini siku hiyo akacheka mpaka akalia, halafu kile kilio kikaendelea baada ya kicheko kuisha. Akalibandua lile bango ukutani. Akajiuliza kitu kimoja tu: mimi nilikuwa nauzaje? Soksi huuzi kwa kusema "hii ni soksi". Unauza kwa hadithi. Unamwambia mtu habari ya mtoto aliyekwenda shule na soksi ina tundu, kidole kikachungulia, wenzake wakakipa jina. Mtu ananunua ili hadithi isimkute yeye.

Basi akachukua hadithi ambayo hakuna asiyeijua: ule mwaka wa ukame, wanyama wakachimba kisima, Sungura akakataa kuchimba, halafu akawa anaiba maji. Akaikata vipande. Kila siku kipande kimoja, maneno matano. Na kila kipande anakikatia palipo na utamu, kwa sababu hiyo ndiyo siri ya barabarani: mteja usimpe yote, mwache na hamu, kesho atakutafuta mwenyewe.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua linachoma hadi mawe yanalalamika, na watoto walikuwa wanabaki nyumbani kusaidia foleni ya maji. Darasa lilishuka hadi watoto kumi na saba. Afisa Elimu wa Kata, Bwana Thobias, mtu mpole ila wa karatasi, alikuja na pikipiki yake akahesabu, akatikisa kichwa. "Mwalimu, Ijumaa ijayo narudi. Nikikuta chini ya ishirini na tano, nalifunga hili. Waende shule mama."

"Kilomita saba? Wana miaka sita!"

"Ndiyo maana nimekupa mpaka Ijumaa."

Hilda akamwangalia anaondoka na vumbi lake. Akamfikiria Debora, mjukuu wa Mzee Bartolomayo, miguu kama vijiti vya kibiriti, anavuka lile korongo peke yake alfajiri. Na masika je, likishuka? Mtoto anasimama ukingoni anasubiri mto upungue ndipo akasome? Hawatakwenda. Hilo alilijua. Wakifunga chumba kile, watoto wale watakutana na daftari wakiwa na miaka tisa, kama watakutana nalo.

Jumatatu akaanza. Hakuanza na salamu za kwenye kitabu. Alisimama mlangoni kama anauza: "Nina kitu hapa! Nani anataka?"

Watoto wakatazamana. Debora akainua mkono. "Mimi."

"Sisikii! Nani anataka?"

"Mimiii!"

Akawatoa nje moja kwa moja hadi kwenye korongo. Akawapigisha magoti mchangani. Tembo akachimba. Simba akachimba. Nyati, Pundamilia, nao wakachimba. Hilda kila akitaja mnyama anamwigiza, pua ya mkono, masharubu ya nyasi, na watoto wanachimba kwa vidole. "Chimba!" "Chimba!" "Mchanga!" "Mchanga!" Shimo likafika kiwiko, likaanza kulowana. Mtoto mmoja mdogo akapiga kelele, "Malenga!"

Debora akamgonga kichwani. "Maji! Kwa mwalimu ni maji."

"Usimpige mwenzio," Hilda akasema, lakini moyoni alikuwa anaruka. Siku ile waliokuja ni ishirini na wawili. Jumanne, Sungura akakataa kuchimba, akasema yeye anakunywa umande, halafu usiku akaja kuiba. Watoto ishirini na tisa. Jumatano wote thelathini na wanne walioandikishwa walikuwepo, hata wale waliokuwa hawajaonekana tangu mwezi wa saba. Wengine walikuja na wadogo zao mgongoni.

Jumatano ndiyo alimtoa Fisi. Wanyama wamekaa baraza, Simba anauliza, nani atalinda kisima usiku huu? Fisi akasema, mimi. Hilda akainamisha mgongo, akaachia mdomo wazi, akatembea kwa kuchechemea katikati ya mabenchi. Watoto wakajibana wakipiga mayowe. "Fisi anatoka nje. Ni usiku. Amekaa njiani. Tumbo lake halina kitu. Ana nini?"

"Njaa!"

"Anainua pua. Anasikia nini?"

"Harufu!"

"Harufu ya nini?" Hilda akanyamaza. Akasubiri. Halafu akapiga makofi. "Kesho! Nendeni mkanywe uji."

Watoto wakalia kama wameibiwa. Hilda akaenda zake akitabasamu. Mali imeuzika.

Alhamisi asubuhi walikuja watoto wanne. Wawili kati yao walikuwa wajukuu wa Paulina, hao wanakuja kwa sababu ya uji.

Hilda akasimama mlangoni mpaka jua likapanda. Hakuna mtu njiani. Akafunga khanga kiunoni, na ukimwona Hilda anafunga khanga kiunoni ujue kuna mtu ataipata. Akaanzia nyumba ya karibu, kwa Mzee Bartolomayo.

Mzee alikuwa amechuchumaa nje ya boma la mbuzi, anachuna mbuzi aliyeliwa nusu. Vichwa viwili vilikuwa pembeni, na ngozi moja imetandazwa. Pembeni amesimama Debora, kidole mdomoni. Mkewe, Bibi Raheli, alikuwa mlangoni mwa tembe, amejifunika kitenge hadi masikio.

"Shikamoo," Hilda akasema, kaitupa kama jiwe.

"Marahaba."

"Mzee, watoto leo vipi? Mbona hawaji?"

"Kuna fisi."

"Fisi saa tatu asubuhi?"

"Fisi wako hana saa."

"Fisi wangu?"

Bartolomayo akafuta kisu kwenye nyasi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, miaka mingi alichunga ng'ombe kule Kongwa, na sasa alikitumia polepole, neno baada ya neno. "Uliyemtoa nje jana. Mjukuu wangu katueleza vizuri sana, tunakushukuru, anajua kusema. Fisi katoka. Ni usiku. Ana njaa. Anasikia harufu. Bibi yake kamuuliza, halafu? Mtoto kasema, halafu kesho." Akanyoosha kisu kuelekea vichwa viwili. "Kesho ndiyo hiyo hapo."

Bibi Raheli akasema kitu kirefu kwa Kigogo, kwa sauti ya juu.

"Bibi anasema hakulala," Debora akatafsiri, macho chini. "Anasema ulimwacha mlangoni. Akaingia."

Sasa hapo mtu mwenye akili angeuliza. Angekaa kwenye kigoda akasema, babu, nieleweshe, hapa kwenu hadithi inakwendaje? Lakini Hilda alikuwa na watoto wanne darasani na Ijumaa ni kesho, na damu ilishafika masikioni.

"Mzee, acha hizo! Fisi kaingia kwa sababu boma lako lina tundu, napita mimi na kiti changu! Angalia hiyo miiba, imeoza tangu mwaka juzi! Usinisingizie mimi uvivu wako!"

Neno uvivu, kwa mzee wa miaka sabini, mbele ya mke wake, mbele ya mjukuu, na damu ya mbuzi wake ikiwa bado mkononi. Bartolomayo hakupaza sauti. Aliweka kisu chini.

"Binti, nenda."

Hilda akaenda. Alipogeuka nyuma aliona Debora anamwangalia kama mtu anavyoangalia kikombe kilichovunjika.

Mamdogo Paulina alikuwa jikoni, anakoroga uji wa watoto thelathini na wanne wenye wanywaji wanne. Alimsikiliza Hilda bila kumkatiza, na Hilda alipomaliza, akamuuliza, "Uliikata?"

"Niliikata nini?"

"Hadithi. Uliikatia njiani, ukawaacha wanyama nje?"

"Mamdogo, nafundisha! Maneno matano kwa siku, ndivyo..."

"Wewe mtoto wa mjini, Mungu akusaidie." Paulina akatoa mwiko kwenye uji. "Hapa kwetu hadithi ni boma. Ukilifungua, unalifunga wewe mwenyewe, palepale, kabla watu hawajainuka. Mnyama uliyemtoa unamrudisha kwake kwa jina lake. Ukiinuka umeliacha wazi, aliye nje yuko nje. Kila mama hapa amekaa na mwanae jana akaambiwa fisi yuko njiani ana njaa. Asubuhi wanaamka, mbuzi watatu. Ungekuwa wewe ungemleta mwanao?"

"Kwa hiyo nimuombe msamaha fisi?"

"Fisi hajui Kiswahili. Muombe Bartolomayo."

Hilda akauangalia ule uji wa watoto thelathini na wanne. Alikuwa na jibu zuri sana mdomoni, lile la miiba iliyooza, na lilikuwa kweli. Tatizo la jibu lile ni kwamba halikuwa na watoto ndani yake. Kuna kushinda kwa kubaki peke yako kwenye chumba cha udongo na benchi tupu, na Hilda kushinda kwa namna hiyo alishakuzoea mjini. Alimshinda mgambo. Ikawaje?

Akachukua panga la Paulina lililokuwa nyuma ya mlango.

"Unakwenda kumkata nani?" Paulina akauliza kwa hofu.

"Miiba."

Alikata miiba tangu saa sita, jua la utosi. Kule porini nyuma ya boma, anakata, anaburuta, anakata, anaburuta. Hakuwa fundi. Miiba ilimchana mikono, ikachana khanga, mmoja ukaingia chini ya ukucha akatukana tusi la Majengo ambalo, kwa bahati, Bibi Raheli hakulielewa. Akaanza kuziba lile tundu. Matawi mawili ya kwanza yalianguka. La tatu likaanguka likamwangukia.

"Shina liwe ndani, miiba nje," sauti ikasema nyuma yake.

Bartolomayo alikuwa amesimama na fimbo yake. Hilda akapiga goti moja, mkono unavuja damu. "Shikamoo babu."

Mzee akafukuza nzi kwa fimbo, salamu hajaipokea.

"Babu, asubuhi nilikosa adabu. Neno lile nililosema si lako. Na hadithi niliikata kwa kutojua, lakini niliikata. Mbuzi siwezi kuwarudisha. Nimekuja kuomba unisamehe, na unifundishe namna ya kuifunga."

Mzee akamtazama, akatazama lile tundu. "Ulisema unapita na kiti," akasema.

"Nilizidisha, babu. Bila kiti."

Kitu kikatikisika kwenye mdomo wa mzee, hakikufika kuwa kicheko. "Marahaba," akasema. Akashika tawi upande mmoja, Hilda upande wa pili. "Hufungi peke yako. Wale watoto wote wameondoka na kipande kila mmoja. Lazima wawepo. Na mnafungia hapa, alipoingilia."

"Sawa. Lakini Kigogo changu babu, unakijua. Labda bibi ndiye asimulie..."

"Uliifungua kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Wanyama wamejua majina ya Kiswahili. Ukiwaita kwa Kigogo watasikia vipi? Ifunge kwa lugha uliyoifungulia."

Hilda akapiga hesabu. Kwa maana hiyo wa kuifunga ni watoto. Watoto wale ambao wiki tatu zilizopita walimwita mbuzi meli ndio watakaowaita wanyama kwa majina, mbele ya wazazi wao, na wakishindwa, hakuna mtu Mapalanga atakayemwamini tena.

Saa kumi alasiri wakakusanyika bomani. Sijui Paulina alipita nyumba ngapi na aliwaambia nini, lakini walikuja, akina mama na watoto, wanaume wamesimama nyuma wakijifanya wanapita. Hilda akasimama mbele ya ile miiba mipya. Mikono imefungwa vitambaa.

"Nina kitu hapa," akasema. Sauti ikatoka ndogo. "Nani anataka?"

Watoto wakawatazama mama zao.

Bibi Raheli akamsukuma Debora mgongoni.

"Mimi," Debora akasema.

"Fisi alikuwa wapi?"

"Njiani."

"Ana nini?"

"Njaa," wakasema watatu, wanne.

"Anasikia nini?"

"Harufu!" Sasa walikuwa wengi.

"Harufu ya nini? Ya asali! Sungura amekuja na kibuyu cha asali."

Na Hilda akaingia. Akamlambisha Fisi asali kidoleni. Fisi akataka zaidi. Sungura akasema asali hii tamu wanaila waliofungwa kamba tu, Fisi akanyoosha miguu mwenyewe, nifunge, nifunge, na Bartolomayo aliyekuwa ameuma midomo akasema kwa sauti, "Fisi mjinga huyo," na watu wakacheka kwa mara ya kwanza. Sungura akanywa maji, akaoga humohumo, akaondoka. Kesho yake Kobe akasema mimi nitalinda. Akapakwa ulimbo mgongoni, gundi ile ya kutegea ndege, akazama kisimani akatulia kama jiwe. Sungura akaja, akakanyaga jiwe. Mguu ukanasa. Akapiga ngumi. Mkono ukanasa. Akapiga kichwa.

"Kikanasa!" watoto wakapiga kelele.

Bibi Raheli alikuwa anamvuta Debora nguo kila sentensi, na Debora anamgeuzia kwa Kigogo harakaharaka bila kumtoa Hilda machoni, kama mtu anayepokea maji kwa mkono mmoja na kuyamimina kwa mwingine.

Sungura akahukumiwa, akawadanganya wamrushe kwa kumshika mkia, akateleza, akakimbia, na tangu siku ile mkia wake ni kipande. Hilda akashusha pumzi. "Sasa warudi kwao. Fisi! Usiku umekwisha. Rudi..."

"Kwako!" wakaitika watoto, bila kuambiwa.

"Simba!"

"Rudi kwako!"

"Tembo! Nyati! Pundamilia!" Kila jina sauti inapanda. "Kobe! Sungura, mwizi wewe!" "Rudi kwako!" Hilda akapangusa jasho. Akainua mikono amalize.

"Mwalimu," Debora akasema. "Bado."

"Nani bado?"

"Nungunungu."

Hilda akamtazama. Nungunungu? Kwenye hadithi hii hakuna nungunungu. Kisha akakumbuka. Jumatatu, kule mchangani, mtoto mmoja alichomwa na mwiba akalia, na yeye ili kumnyamazisha akasema, basi na Nungunungu naye akaja kuchimba na miiba yake. Maneno ya kupitisha tu. Akayasahau palepale.

"Na Kanga," mtoto mwingine akasema nyuma.

"Na Chura! Chura alikunywa Jumanne!"

"Na Nyani!"

Mama mmoja akashika kichwa. "Huyu mwalimu katoa pori zima," akasema, na ndipo kikapasuka kicheko hasa, hadi wanaume waliokuwa wanapita wakasahau kupita. Hilda akawaita wote, mmoja mmoja, kadiri watoto walivyomtajia, kumi na mmoja jumla, na hakuna aliyekosewa jina. Watoto wa miaka sita walimsahihisha mwalimu wao kwa Kiswahili mbele ya kijiji. Alipomaliza, Bartolomayo akagonga fimbo chini mara moja. Watu wakainuka.

Usiku ule hakuna boma lililoguswa. Sasa kama ni hadithi au ni ile miiba mipya, Hilda hakuuliza na Bartolomayo hakusema.

Ijumaa benchi zilijaa. Watoto wakadai hadithi ileile, kuanzia mwanzo, na Hilda akawapa yote kwa pamoja, kwa sababu sasa alijua. Maneno yakawa sio matano tena, yakawa yote. Bartolomayo alikuja kumleta Debora na hakuondoka, akakaa kizingitini kama mlinzi. Walikuwa wamefika pale Fisi anafungwa kamba ndipo pikipiki ikasikika, na Bwana Thobias akaingia na faili lake kwapani.

Kawaida afisa akiingia darasa zima linasimama. Hakuna aliyesimama.

"Mwalimu," akasema, "simamisha kidogo, nihesabu."

Huyu mtu kalamu yake ndiyo darasa. Hilda akaangalia watoto, macho sitini na nane, hakuna linalopepesa. "Shikamoo Afisa. Naomba ukae. Hadithi haijafika."

"Nina shule nne leo."

"Najua, Afisa."

"Mwalimu Hilda."

Debora akasimama kwenye benchi lake. "Afisa, kaa. Fisi yuko nje."

Bwana Thobias akageuka mlangoni kutafuta mtu mzima wa kumweleza. Akakutana na Bartolomayo.

"Kaa tu, mwanangu," mzee akamwambia. "Mbuzi wangu wamebaki tisa."

Bwana Thobias akakaa. Benchi la watoto, magoti yakafika masikioni. Akakaa mpaka Kobe akapakwa ulimbo, mpaka Sungura akanasa, mpaka wanyama kumi na mmoja wakarudi kwao, na kwenye yule wa mwisho, Nyani, alionekana anachezesha midomo. Halafu akasimama, akajikung'uta, akahesabu. Thelathini na wanne. Akamuuliza mtoto mmoja, kile nje ni nini? "Yule ni mbuzi," mtoto akajibu, "anakula ufagio wa bibi Paulina, mfukuze." Akamuuliza mwingine, na mwingine. Akaandika kwenye daftari la wageni kwa mwandiko wake wa mpangilio, akampa Hilda asome, akavaa kofia ngumu.

*Watoto 34. Darasa liendelee. Muda wa hadithi umezidi kwa dakika ishirini na tano, mwalimu ajirekebishe.*

Hilda akasoma mara mbili. Shingo ikaanza kupanda joto. Akafungua mdomo.

Mamdogo Paulina, aliyekuwa amekuja na kikombe cha uji kwa ajili ya mgeni, akamkanyaga mguu.

"Asante, Afisa," Hilda akasema.